Herufi ya Karani Erinayo

Mji wa Nabulamba ulikoma kuwa mji Jumatatu moja ya mwaka 1968, kabla ya chai ya saa nne. Hakukuwa na kelele, wala bendera iliyoshushwa. Lilikuja lori kutoka Kampala, likapakia meza tatu, kabati la chuma na muhuri wa shaba wenye picha ya mvule, likageuza na kuondoka. Tangu siku hiyo sisi ni mtaa wa jiji, kati ya kilima cha Nsambya na barabara iendayo Ggaba, na mgeni anayepita kwa bodaboda hawezi kujua mji wetu ulianzia wapi wala uliishia wapi.

Mimi najua. Nilikuwa na umri wa miaka saba, nimesimama kando ya baba yangu, karani wa reli aliyetoka Kenya akapanga hapa kwa sababu nyumba za reli pale Nsambya zilikuwa zimejaa. Lori lilipopita, baba alivua kofia. Nilimwuliza ni nani aliyekufa, akaniambia ninyamaze.

Ulikuwa mji mdogo, lakini ulikuwa mji. Ulikuwa na halmashauri ya watu tisa, soko lenye paa la mabati, na zizi la kufungia mbuzi waliokamatwa barabarani. Sheria yake ilisema kwamba mwenye mbuzi atalifagia soko siku mbili kabla ya kurudishiwa mnyama wake, na sheria hiyo haikujali kama mwenye mbuzi ni sajini wa polisi au mchungaji. Mwenyekiti alichaguliwa kila mwaka, na asipofaa aliondolewa mwaka uliofuata. Nayasema haya kwa fahari, wala sioni sababu ya kuipunguza.

Mwaka jana ofisi ya ardhi ya jiji ilikubali ombi ambalo wazee wetu walikuwa wamelirudia mpaka wakafa nalo. Kila familia inayokaa katika kiwanja kilichogawiwa kihalali na halmashauri ya zamani ingepewa hati miliki. Ofisi ilidai vitu viwili tu: orodha ya viwanja hivyo, na historia fupi ya mji inayoeleza kila kimoja kilivyotolewa. Ambaye kiwanja chake hakingekuwemo katika orodha angehesabiwa kuwa mvamizi, na kila mtu alijua kwamba mfereji mpya wa maji ya mvua ungepitishwa mahali penye wavamizi.

Kamati ya wakazi iliniomba niiandike hiyo historia. Sikujifanya kusita. Nilisoma shule ya bweni ng'ambo ya mpaka, ambako mwalimu wetu wa Kiswahili alitufanya tuandike neno mara mia kwa kosa la herufi moja, tena kabla ya kifungua kinywa. Baada ya hapo nilifanya kazi miaka thelathini na minne katika kiwanda cha uchapaji hapa Kampala, nikisahihisha prufu. Vitabu vya hesabu, vitabu vya sala, matangazo ya mazishi, vyote vilipita chini ya kalamu yangu nyekundu. Watu wa mtaa huniita Mwalimu, ingawa sikufundisha hata siku moja, kwa sababu huwasahihisha wanapozungumza. Hapa kwetu Waganda huchanganya l na r, Waacholi waliokulia kambi za polisi huziacha ngeli zote zianguke zinakotaka, nasi tuliotoka Kenya tuna makosa yetu. Niliona kuwa ni wajibu wangu kutonyamaza.

Chanzo changu kilikuwa kitabu kimoja. Siku ile lori lilipokuja, hakuna ofisa wa jiji aliyetaka kumbukumbu zilizoandikwa kwa Kiswahili, basi karani wa mji, Erinayo, akalichukua daftari kubwa la halmashauri akaenda nalo nyumbani. Erinayo alikuwa Mganda wa Nabulamba, mtu mwembamba mwenye mwandiko wa kulala. Aliandika kwa Kiswahili kwa sababu halmashauri ilikuwa na Waganda, Waacholi wa polisi na Wajaluo wa reli, na lugha ya kambini ndiyo pekee ambayo hakuna aliyeweza kudai kwamba ni ya mwenzake. Mjukuu wake alilitoa daftari sandukuni na kunikabidhi limefungwa kwa kanga. Nilipiga fotokopi za kurasa zote, nikakaa nazo miezi mitatu.

Viwanja ishirini na vinne viligawiwa mwaka 1966. Vingi vina maneno mawili tu mbele ya jina la mpewa: "kwa ombi". Kiwanja namba kumi na nne hakiko hivyo. Mbele yake Erinayo aliandika: "Waliomba watatu. Lakot alipata kwa kula." Chini yake, kwa wino uleule: "Sufulia ya Lakot imerudishwa, kavu."

Lakot alikuwa mke wa Sajini Oyet wa polisi, naye alikuwa akipika chakula na kukiuza sokoni, hatua ishirini kutoka ofisi ya mji. Nilipoisoma mistari ile niliinuka kitini. Huu hapa ulikuwa ule ugonjwa ambao nimeuchukia maisha yangu yote, umekiriwa na karani mwenyewe. Watu watatu wameomba kiwanja kimoja; mmoja ni mpishi; sufuria inaingia ofisini imejaa na inatoka tupu; mpishi anapata kiwanja. Niliandika hivi katika ukurasa wa thelathini na moja wa kijitabu changu: "Si kila kilichotolewa na mji kilitolewa kwa haki. Kiwanja namba 14 kilipatikana kwa kula, yaani kwa kuwalisha wenye mamlaka ya kugawa, na kumbukumbu za mji zenyewe hazikuona haya kusema hivyo." Niliipenda sana sentensi hiyo. Nilimsomea mke wangu, Aluoch, naye akauliza kama Mama Moreen ameshaisoma. Nilimjibu kwamba historia haiandikwi kwa ruhusa ya wanaoandikwa.

Mama Moreen ni Abalo, bintiye Lakot. Ana umri kama wangu, amezaliwa Nabulamba na hajawahi kukaa pengine. Mama yake alifia katika nyumba ya namba kumi na nne, na mumewe pia. Sasa anakaa pale na wajukuu wanne, watoto wa bintiye Moreen, ambaye ni askari na huhamishwa kila mwaka.

Vijitabu mia moja na ishirini viligawiwa Jumapili moja ya mwezi Machi, baada ya misa. Jumatatu asubuhi Abalo alikuwa mlangoni kwangu, kijitabu mkononi, amekifungua palepale. Alikataa kiti. Aliniambia kuwa amesomewa ukurasa huo mara mbili na mjukuu wake, na kwamba mara ya pili alimwambia asome polepole.

"Mzee, mama yangu hakuiba kitu ya mtu," alisema. "Wewe ulikula chakula yake ukiwa mtoto. Ulikula hapo sokoni na baba yako."

Nilimwambia kwamba sijaandika neno lolote la kutoka kichwani mwangu. Nilimwonyesha fotokopi. Nilimwuliza kama mama yake aliwahi kumweleza alivyokipata kile kiwanja.

Alifikiri. Abalo ni mtu ambaye hasemi uongo hata pale ambapo uongo ungemfaa. Ndivyo alivyo tangu utotoni. "Alikuwa anasema kila siku kwamba hii nyumba ilitoka kwa sufuria yake," alisema. "Ni hiyo tu ndiyo najua. Alikuwa anasema halafu anacheka."

"Mama Moreen," nikamjibu, "hilo ndilo nililoandika."

Alikunja kijitabu, akaondoka bila kuaga. Ninaungama kwamba wakati ule nilijiona nimethibitishwa. Aluoch, aliyekuwa jikoni akisikiliza, alitoka akisugua mikono kwa taulo.

"Baba Nelima," alisema, "siku mtu akikuandikia barua ya mapenzi, wewe utaisahihisha kwanza."

Nilikuwa na jambo zito zaidi. Kamati ilikuwa imeitisha mkutano Jumamosi ya kupitisha orodha kabla ya kuipeleka ofisi ya ardhi Jumatatu, na baadhi ya watu walikuwa tayari wanaambiana kwamba mambo ya sufuria ya miaka sitini iliyopita yaachwe. Nilijua kitakachotokea kama tungeyaacha. Ofisi ingesoma historia na orodha pamoja, ingeona kwamba historia inasema kiwanja kimoja kilipatikana kwa rushwa na orodha inakiita halali, nayo ingetilia shaka vyote ishirini na vinne. Mji wetu, ambao ulikuwa na haki hata katika mambo ya mbuzi, ungeonekana kuwa kundi la walaji. Niliamua kwamba mimi mwenyewe nitatoa hoja kiwanja namba kumi na nne kiondolewe. Sikuwa na chuki na Abalo. Kulikuwa na ukweli, na kulikuwa na viwanja ishirini na vitatu vya kulindwa.

Nyumba ile ambayo zamani ilikuwa ofisi ya mji sasa ni shule ya chekechea. Viti vyake ni vya watoto wa miaka minne. Jumamosi hiyo watu wazima wapatao arubaini walikaa magoti yakiwa karibu na videvu, wengine wakasimama ukutani chini ya picha za wanyama, na mwenyekiti wa mtaa, Fabiano, akaketi juu ya meza kwa sababu hakuna kiti kilichoweza kumbeba. Fabiano ana duka la vipuri vya magari Kisenyi, na mwili wake ni wa mtu aliyeinua injini ujana wake wote. Ni Mganda, amezaliwa hapa, na Kiswahili chake amekipata kwa wateja. Kwa miaka mingi nimemsahihisha, naye kwa miaka mingi amenijibu, "Webale, ssebo," ambayo ni asante, kisha akaendelea kusema vilevile.

Nilisimama nikatoa hoja yangu. Nilizungumza dakika kumi, kwa utaratibu, bila kulitaja jina la Abalo hata mara moja, kwa heshima. Nilisoma mstari wa Erinayo. Nilisoma mstari wa sufuria. Nilieleza hatari iliyovikabili viwanja vingine. Mtu mmoja nyuma aliuliza kama sufuria ile ilikuwa ya matoke au ya nyama, watu wakacheka, nami nikasubiri wanyamaze.

Abalo aliombwa aseme. Alisimama kando ya dirisha, mkoba kifuani. Alisema kwamba yeye hajui mambo ya daftari. Anajua kwamba mama yake alianza kuchimba msingi wa nyumba ile kwa mikono, akiwa na mimba ya mdogo wake, na kwamba halmashauri yote ilikuwa inapita pale kila siku na hakuna aliyemwambia aache. Kama mkutano unataka atoke, atatoka, lakini waandike katika orodha yao kwamba mama yake alikuwa mpishi, wasiandike kwamba alikuwa mwizi.

Watu kadhaa walitazama sakafu. Lakini niliona pia kwamba maneno yangu kuhusu viwanja ishirini na vitatu yalikuwa yamefanya kazi yake. Kila mmoja pale alikuwa na kiwanja.

Fabiano alikohoa. "Basi, wazee, mama zetu, maneno imetosha," alisema. "Wenye kutaka namba kumi na nne itoke kwa orodha, watainua mkono. Tupige kula, watu waende nyumbani."

"Kura," nilisema, bila hata kugeuza kichwa.

Lilinitoka lenyewe, kama lilivyokuwa limenitoka mara elfu. Fabiano alijibu, "Webale, ssebo," na mikono ikaanza kuinuka: wa kwanza karibu na mlango, kisha miwili, kisha mitano pamoja. Nami nilikuwa nimeketi juu ya kile kiti kidogo, na neno langu mwenyewe lilikuwa limekwama masikioni mwangu na halitoki.

Kula. Kura.

Fotokopi zilikuwa magotini. Niliruka viwanja nikaenda ukurasa wa uchaguzi wa mwenyekiti, mwaka uleule wa 1966, mwandiko uleule wa kulala. Mstari niliujua kwa moyo, kwa maana niliunukuu katika kijitabu: mwenyekiti mpya alipata kura sita, na wa zamani kura tatu. Sasa niliusoma kwa mara ya kwanza jinsi ulivyoandikwa. "Mwenyekiti mpya amepata kula 6. Wa zamani kula 3."

Nilikuwa nimeunakili mstari ule kwa mkono wangu, na mkono wa msahihishaji prufu ukaliondoa kosa bila kuniarifu. Ndivyo tunavyofanya kazi. Baada ya miaka thelathini na minne jicho haliombi ruhusa. Lakini katika kiwanja namba kumi na nne jicho hilohilo halikusahihisha kitu. Liliiona l, likaiacha, kwa sababu l ndiyo niliyoitaka. Nilikuwa nikitafuta mla rushwa, na karani alinipa kitenzi.

Fabiano alikuwa anahesabu kwa kidole. Alikuwa amefika mkono wa kumi na mbili.

Nataka niwe mkweli kuhusu kilichopita moyoni mwangu wakati ule, maana nimedai ukweli kwa wengine. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa na fotokopi zile. Hakuna ambaye angejua. Nilimkumbuka mwalimu wangu wa Kiswahili, na vijitabu mia moja na ishirini vyenye jina langu juu ya jalada, na nikatamani, kwa muda wa mkono mmoja kuinuka, kwamba nisingekuwa nimeona. Kisha nikasimama.

"Mwenyekiti, simamisha," nilisema. "Mimi ndiye niliyekosea. Lakot hakumlisha mtu yeyote."

Mikono ilibaki hewani, haijui iende wapi. Niliwasomea mstari wa uchaguzi kama ulivyoandikwa, herufi kwa herufi. Niliwauliza kama yupo aliyewahi kusikia mwenyekiti akichaguliwa kwa kula sita. Niliwaeleza kwamba Erinayo aliandika neno kama ulimi wake ulivyolitamka. Watu watatu waliomba kiwanja kimoja, halmashauri ikashindwa kuchagua, basi ikapiga kura, kila mwombaji akachomoa karatasi, na Lakot akakipata.

"Kalulu," alisema Fabiano polepole kutoka juu ya meza. Kisha akawageukia watu akawafafanulia, kama mtu aliyeokota kitu chake mwenyewe. Katika Kiganda neno ni moja tu, akalulu: ukichagua mbunge ni akalulu, na mkichomoa vikaratasi kugawana kitu ni akalulu vilevile. Erinayo angewaza neno hilo, angelipeleka Kiswahili, na angeandika kula. "Hata mimi ningeandika hivyo," alimaliza. "Ssebo, kwa hiyo miaka hii yote ulikuwa unasahihisha kalani wa mji."

Watu walicheka, nami nilistahili.

Ni Abalo aliyeulizia sufuria. Alikuwa hajasogea kutoka dirishani. Alitaka kujua kwa nini basi iliandikwa kwamba sufuria imerudishwa. Nilitazama tena mstari ule ambao niliutumia kama msumari wa mwisho, nikaona neno ambalo nilikuwa nimelisoma mara ishirini bila kulisikia. Kavu. Sufuria iliyopakuliwa wali au mchuzi hairudi kavu. Inarudi na mafuta, inarudi na ukoko, inarudi imelowekwa maji. Hiyo ilikuwa sufuria safi iliyoazimwa kutoka kwa mpishi wa karibu, ikatiwa vikaratasi vitatu, watu watatu wakaingiza mikono.

"Ndiyo maana alikuwa anacheka," alisema Abalo.

Akakaa. Alikaa chini kwenye kile kiti cha mtoto, mkoba bado kifuani, na mabega yake yakashuka yote mawili kwa pamoja. Mwanamke aliyekuwa kando yake alimshika mkono. Nami niligundua kwamba nilikuwa bado nimesimama, na kwamba nilikuwa navuta pumzi kama mtu aliyepanda kilima cha Nsambya kwa kukimbia, na kwamba sikuwa na huzuni hata kidogo. Nilikuwa nimetarajia aibu. Aibu ilikuwepo, lakini ilikuwa ndogo kuliko nilivyoihofia, na kando yake kulikuwa na wepesi ambao sikuwa nimeuonja tangu nilipoyaacha madawati ya shule: ule wa kutoka chumba cha mtihani ukijua kwamba umeisha.

Niliondoa hoja yangu. Fabiano akauliza kama namba kumi na nne ibaki katika orodha. "Tupige kula tena," alisema, akanitazama kwa chini ya nyusi, akinisubiri. Sikusema neno. Niliinua mkono wangu kabla ya wote, na ilipohesabiwa ilikuwa mikono arubaini na mmoja, pamoja na wa yule aliyeuliza habari za nyama.

Jioni hiyo nilimweleza Aluoch yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza ningewezaje kuishi jirani na Abalo kama Fabiano angekuwa na Kiswahili kizuri. Nilikiri kwamba sijui. Akasema mungu wa Waganda ameniokoa, akanipakulia chakula.

Orodha ilipelekwa Jumatatu, pamoja na barua yangu ya kurasa mbili ikieleza kosa na ushahidi wake, fotokopi zimeambatishwa. Ofisa aliyeipokea aliisoma mbele yangu. Aliniambia kwamba katika miaka yake yote pale amepokea barua nyingi zinazodai kwamba ofisi imekosea, lakini hii ni ya kwanza kutoka kwa mtu anayedai kwamba yeye mwenyewe amekosea, akaipiga muhuri.

Vikabaki vijitabu. Nilikataa shauri la kuchapa karatasi ya masahihisho na kuiacha kanisani. Niliandika orodha ya nyumba zote, nikachukua kalamu yangu nyekundu, nikazunguka mlango kwa mlango kwa siku tisa. Katika kila nyumba niliomba kijitabu, nikafuta sentensi zile mbili kwa rula, nikaandika pembeni: "Waliomba watatu. Lakot alikipata kwa kura." Kisha nikatia sahihi. Katika nyumba nyingi walinipa chai. Katika nyumba moja mzee wa polisi, Kidega, alinifanya nieleze tofauti ya l na r mbele ya familia nzima, kisha akaniuliza yeye huzitamkaje. Nilimwambia anazitamka vizuri sana, jambo ambalo si kweli.

Nyumba ya Abalo niliiacha mwisho. Alinikaribisha, na safari hii yeye ndiye aliyeleta viti. Nilipoomba kijitabu alinipa. Nikakifungua. Kutoka ukurasa wa thelathini kilirukia thelathini na tatu. Karatasi yenyewe haikuwepo, imeng'olewa karibu na pini.

"Niliwashia sigiri," alisema. "Siku ileile. Ilishika moto vizuri."

Hakukuwa na cha kusahihisha. Nilikaa na kalamu mkononi, kisha nikaangua kicheko, na yeye pia akacheka, kicheko kirefu cha mtu ambaye amekibana kwa wiki mbili. Aliagiza nimwandikie karatasi nyingine, safi, bila kufuta, atakayoitia humo yeye mwenyewe. Nikaandika. Aliniomba nisome. Nikasoma. Aliniomba nisome tena, polepole, na mara hii aliwaita wajukuu wote wanne waje wasikie bibi yao mkubwa alivyopata nyumba.

Wapimaji wa ofisi ya ardhi walifika mwezi wa Julai, vijana wawili na msichana mmoja mwenye kofia, na mawe yao ya saruji yenye namba. Walianza upande wa soko la zamani wakaja wakipanda. Walipofika namba kumi na nne nilikuwa nimesimama barabarani pamoja na wengine. Hakuna aliyekuwa na kazi muhimu asubuhi hiyo. Jiwe la kwanza liliingia, la pili, la tatu. La nne lilikutana na nguzo ya kamba ya nguo za Abalo, iliyojaa mashuka ya asubuhi, bado yanatona. Yule msichana alisema wanaweza kusubiri yakauke.

Abalo alisema hapana. Aliyaanua moja baada ya jingine, akiyatupia begani, maji yakimshuka mgongoni, kisha akaing'oa nguzo kwa mikono miwili na kurudi nyuma hatua moja.

"Weka," alisema.